Foleni ya Amahoro

Mwezi uliopita nilipanda hadi Gihosha, mtaa wa mlimani wa Bujumbura, kwenda kuondoa matanga ya Bwana Libère, aliyekuwa mkuu wangu wa kazi nilipokuwa msichana. Uani walikuwa wamefunga turubai la kukodi, viti vya plastiki vimepangwa mistari, na kama ilivyo kwetu, hotuba zilifuatana mpaka soda zikapata moto mikononi mwa watu. Kila aliyesimama alisifu jambo lile lile: marehemu alikuwa mtu wa salamu. Hakuingia mahali bila kumpa kila mtu mkono, akianza na mlinzi, akauliza habari za usiku, za nyumba, za watoto, na za ng'ombe kwa mwenye ng'ombe. Salamu iliyoachwa bila jibu ilimuuma kabisa. Mimi nilijifunika uso kwa leso nikicheka, na mama aliyekaa kando yangu, akidhani nimezidiwa na kilio, akanisugua mgongo na kuniambia nijikaze. Nikajikaza. Hotuba za matanga zina adabu yake, na mbele ya mjane nisingeweza kusimama nikasema kwamba salamu za yule mzee, kiangazi kimoja cha vita, zilikaribia kuua watu. Hapa niko na karatasi yangu tu, basi nitasema, na nitasema kwa upendo, maana nilimpenda.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya vita, kabla simu za mkononi hazijaenea kila mahali. Nilikuwa nimerudi kutoka shule Kigoma na cheti cha kompyuta na Kiswahili kilichowachekesha watu wote wa Bujumbura. Shirika dogo lililopeleka manesi mikoani kuchanja watoto likanichukua nilinde seva yake ya barua pepe. Ofisi ilikuwa mtaa wa Asiatique, ghorofani, juu ya duka la vitenge, na chumba changu kilikuwa jiko la wenye nyumba wa zamani. Seva ilikaa pale lilipokuwa jiko lenyewe, chini ya dari lililoshika weusi wa mafuta ya miaka mingi, na siku za joto ukuta ulitoa harufu ya bizari ya watu ambao sikuwahi kuwaona. Bomba lilidondosha maji bila kukoma. Dirishani tuliweka feni kuipoza mashine, si kutupoza sisi. Mchana tulikula palepale, sahani magotini: bugali, maharage, na ndagala wa kukaanga ambao Mama Zawadi aliwanunua kila asubuhi kwa wauza samaki waliopanda ngazi zetu na beseni kichwani.

Mama Zawadi ndiye aliyekuwa mtu wa redio. Alitoka Uvira, upande wa Kongo, alikuwa amevuka na vita vya kwao akakuta vya kwetu, na hakuwa na subira na yeyote aliyelalamika. Redio yake ilikaa mkono wa kulia wa seva, nazo zilifungwa pamoja kwa waya, kwa sababu simu za kusini zilikuwa zimekatwa na barua za ofisi yetu ya Rumonge zilipita hewani, kwa redio hiyo, polepole mno. Wakati mashine mbili zinapeana barua, sauti haikupita. Spika za pande zote mbili zilinyamaza na mtu aliweza kwenda zake uani. Na hata sauti ilipopita, tulikatazwa kutaja barabara, gari au jina la mtu, kwa kuwa mwenye redio yoyote mlimani aliweza kusikia. Kwa sauti tulisalimiana tu. Habari za barabara zilikwenda kwa barua, na hata humo barabara mbaya tuliiita mvua. Aliyebuni hila hiyo hakufikiria kiangazi, miezi ambayo hata wingu halipiti. Kanuni yenyewe ilikuwa nyepesi: gari likiwa Rumonge, dereva anatazama mashine kabla ya kuwasha. Akikuta barua ya mvua, anakaa. Asipokuta kitu, anakuja. Kimya kilikuwa ruhusa ya kuondoka.

Fundi aliyeisimika seva, mtu wa Kigoma aliyenitangulia katika kazi hiyo, alikuwa ameipa kanuni hiyo heshima yake. Aliiagiza mashine kwamba barua yoyote yenye neno la mvua iruke foleni, ipite mbele ya nyingine zote. Alinionyesha siku ya kunikabidhi funguo, akijisifu kidogo. Mwaka mzima sikuwa na sababu ya kulifikiria, maana foleni yetu haikuwahi kuwa ndefu. Barua chache za dawa, chache za mishahara, zikaondoka.

Kisha Bwana Libère akaja na wazo lake. Alikuwa ameandika barua kwenda Rumonge na kukaa siku nzima bila jibu, akaumia. "Mukobwa wanje," aliniambia, yaani binti yangu, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, "mutu akikusalimia, we unanyamaza? Apana. Basi na mashini isinyamaze." Akataka kila barua inayoingia ijibiwe papo hapo na seva yenyewe kwa salamu yetu ya Kirundi ya kutakiana amani: Amahoro, barua yako tumeipata. Na kwa kuwa salamu si ya mtu mmoja, jibu hilo liende kwa wote, kila mfanyakazi alione. Ofisi nzima ilifurahia. Mhasibu alisema ni jambo la kistaarabu sana. Tulipoona limekaa vizuri Bujumbura, mzee akasema Rumonge nao wapate, na programu ya majibu ikanakiliwa kwenye diski, nayo diski ikasafiri kwenye mkoba wa binti yake, Goreth, aliyekuwa nesi wetu na aliyekuwa akienda kuchanja huko pamoja na wenzake. Aliipungia mkono ofisi nzima akiwa ndani ya gari jeupe, na baba yake alisimama barabarani mpaka vumbi likatulia.

Siku waliyotakiwa kurudi, muuza ndagala wa Ruziba, kusini mwa mji, alichelewa. Alipopanda ngazi hakuweka beseni chini, alibaki amelishika. Mimi nilikuwa jikoni kwangu nikapata maneno kupitia mlango uliokuwa wazi, kama nilivyopata habari zote za vita mwaka ule, kwa masikio ya ngazini. "Mama, jana usiku batu wamepita kwetu," alimwambia Mama Zawadi. "Bengi sana. Na mizigo. Banaelekea kule barabara ya Rumonge, banajificha kwa michikichi. Mbwa wote walilia." Mama Zawadi alimuuliza swali moja tu, kama ni askari wa serikali. Muuza samaki akasema askari hawapiti wakinyata. Mama Zawadi akamlipa samaki ambao hakuwachagua, akaja kwenye kompyuta, akaandika barua ya mistari miwili, akabonyeza, akaniambia, "Espe, hiyo iende haraka. Ni ya barabara."

"Inatangulia yenyewe," nilimjibu. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Lakini taa ya redio ilikuwa ikiwaka na kuzima tangu nifungue mlango, na sasa nikaona kwamba haikuwa imepumzika hata kidogo. Nikaomba seva inionyeshe foleni. Skrini ikaanza kupanda, ikapanda, ikapanda, na kila mstari ulikuwa na kichwa kimoja: Amahoro. Nilikaa nikiitazama mdomo wazi. Halafu nikaelewa. Rumonge walikuwa wameweka diski. Wamesalimia. Mashine yetu imejibu kwa wote, na kila sanduku la barua la mtu wa Rumonge likajibu lile jibu, tena kwa wote, na kila sanduku la kwetu likajibu majibu hayo. Mashine mbili zenye adabu, hakuna iliyokubali kuwa ya mwisho kunyamaza. Salamu moja ilikuwa imezaa maelfu, na zote zilikuwa zikipenya kwenye redio ile iliyokwenda mwendo wa konokono.

Bwana Libère alifika akiwa bado anampa mkono mlinzi kule chini. Tulisikia hatua zake, na Mama Zawadi akaniangalia kwa jicho la kusema usimwambie bado. Nilimwambia. Hakuna namna ya kumficha mtu habari ya barabara ambayo mtoto wake anaipita. Alishika fremu ya mlango. Hakuuliza mengi. Aliuliza, "Ile ya imvura imeenda?"

"Natazama, patron."

Nikaiuliza mashine: ndani ya foleni hii, je, kuna barua ya mvua? Ilifikiri kwa muda mrefu, diski yake ikikwaruza, sote watatu tukiikodolea macho. Ikajibu: hakuna. Nikajiegemeza kitini. Hakuna, maana yake imekwisha kuruka, imepita mbele ya salamu zote kama alivyopanga mtu wa Kigoma, iko Rumonge. Nilisema hivyo kwa sauti, nikicheka kwa furaha. Bwana Libère akafumba macho, akamshukuru Mungu, "Imana ishimwe," akakaa juu ya kreti tupu la soda na kuanza kutuuliza, kama ilivyokuwa desturi yake, tumeamkaje. Mama Zawadi akaanza kuchemsha maji ya chai. Nakumbuka raha ya dakika zile na bado inanichefua, kwa jinsi tulivyoipoteza nafasi tukiwa tumestarehe. Kule Rumonge jua lilikuwa linapanda, na dereva alikuwa anapakia.

Ni mzee aliyetuokoa bila kujua, kwa kupiga soga. Alikuwa anamtania Mama Zawadi kuwa hila ya mvua wakati wa kiangazi ni ya kijinga, kwamba mtu wa mlimani akisoma atacheka. Mama Zawadi, mgongo wake kwetu, akitafuta sukari, akajibu, "Mi naandika tu vile tulipatana. Mvula inanyesha, mukae. Kama banacheka, bacheke."

Nilimwomba arudie.

"Mvula inanyesha, mukae."

"Uliandika hivyo? Mvula? Na herufi eli?"

Aligeuka na kijiko mkononi. "Sasa naandika namna gani? Kwetu ni mvula. Ni we unasema mvua, Kiswahili ya kitabu."

Mtu wa Kigoma alikuwa ameifundisha seva neno moja, mvua, kama alivyofundishwa yeye shuleni na kama nilivyofundishwa mimi. Nami nilipoitafuta barua niliandika lile lile. Kwa mashine, mvula halikuwa neno la mvua wala la barabara. Lilikuwa herufi tu. Barua zote za barabara za Mama Zawadi zilikuwa zimekwenda zamu yao mwaka mzima, na hakuna aliyegundua kwa sababu hapakuwa na foleni. Sikueleza hayo. Nilisema tu, "Haijaenda," na kreti la soda likaanguka Bwana Libère aliposimama.

Kwanza niliing'oa ile waya ya redio kwa mkono, Amahoro moja ikakatika katikati. Mama Zawadi alinyakua kipaza sauti na kuwaita Rumonge, akaita tena, lakini upande wao mashine ilikuwa bado inasubiri yetu imalizie sentensi, spika imefungwa, na mtu wao yuko uani. Nikazima majibu ya salamu. Nikafunga njia ya kuingilia, ili Rumonge wasipate nafasi ya kutumwagia salamu zao wakati sisi tunasema letu la muhimu. Kisha nikafungua yale maagizo ya mtu wa Kigoma, nikatafuta neno lake, nikaweka eli mahali pake. Nilibonyeza na herufi ya jirani, nikafuta, nikaandika tena. Bwana Libère alikuwa amesimama nyuma yangu kabisa. Nilisikia pumzi zake kwenye nywele zangu, na mara moja aliniuliza, kwa sauti ndogo ya mtu anayeomba radhi, kama isingekuwa rahisi kuzitupa zote. Nilimwambia kuzitupa kunachukua muda mrefu kuliko kuziacha. Diski ilikuwa imejaa mpaka ukingoni na mashine ilisogea kama mgonjwa. Nikaiwasha upya. Ilijikagua. Ilijikagua tena. Chini dukani mteja alikuwa anabishana juu ya kitenge, kama rangi yake itachuja, na muuzaji akaapa kwa mama yake kuwa haitachuja. Sijawahi kuwachukia watu wasio na hatia kama nilivyowachukia wale wawili.

Foleni ilipofunguka, mstari wa kwanza ulikuwa wa Mama Zawadi. Nikachomeka waya. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka, mashine mbili zikatafutana hewani, zikakosana, zikatafutana tena, zikashikana. Mistari miwili ikapita. Seva ikaandika kwamba imepelekwa, na hapohapo nikaikata isipeleke kingine chochote.

Hakuna aliyeshangilia. Kufika kwenye mashine ya Rumonge si kusomwa. Tangu alfajiri mashine yao ilikuwa imepokea Amahoro, Amahoro, Amahoro, na sote tulikuwa tunajiuliza jambo moja ingawa hatukulisema: mtu aliyeletewa salamu asubuhi nzima, je, ataitazama tena skrini kabla ya kuwasha gari? Au atasema leo wamechanganyikiwa kule Asiatique, hakuna mvua, twende zetu? Tulimsubiri Sylvère, mtu wa redio wa Rumonge, arudi kwenye kiti chake na kufungua spika. Mama Zawadi aliita, akanyamaza, akaita. Chai ilipoa kwenye sufuria. Halafu, kutoka kusini, upande wa Ruziba na kwingineko mbele yake, zikaanza kusikika silaha nzito, ile sauti ya mlango mkubwa unaofungwa mbali. Watu wa barabarani chini walisimama kidogo kusikiliza, wakaendelea na biashara. Tulikuwa tumezoea. Bwana Libère hakuwa amezoea chochote asubuhi ile. Alikuwa ameshika ukingo wa meza ya redio kwa mikono miwili, mzee nadhifu mwenye tai, na midomo yake ilikuwa inatembea bila sauti. Nilitaka kumshika mkono, nikaona haya.

Spika ikakohoa. "Bujumbura, Bujumbura, hapa Rumonge."

Kabla Mama Zawadi hajainua kipaza sauti, Bwana Libère alikuwa amekipokonya. Hakusalimia. Mtu yule, ambaye sijawahi kumsikia akiomba hata kalamu bila kwanza kuuliza umelalaje, alisema, "Goreth iko wapi? Gari iko wapi?" Jina na gari, kwa sauti, hewani, kwa yeyote mwenye masikio.

Tulisikia tu mkwaruzo wa hewa.

"Amahoro, patron," Sylvère alisema.

"Sylvère, nakuuliza mutoto wangu—"

"Amahoro, patron." Safari hii taratibu zaidi, kama mtu anayemwinua mzee aliyejikwaa. Alikuwa analinda kanuni, na alikuwa analinda gari, popote lilipokuwa. Mama Zawadi aliweka kiganja chake juu ya mkono wa mzee. Machozi yalikuwa yanamtoka Bwana Libère na hakuyafuta.

"Amahoro, Sylvère," alisema, kisha akauliza wameamkaje. "Mwaramutse?"

"Twaramutse, patron. Tuko amahoro."

"Ninyi wote?"

"Siye wote. Na bageni yetu wote. Banakula maharage hapa ndani." Kisha akaongeza, kiangazi kile, jua likiwa limechoma nyasi zote kutoka kwao hadi kwetu, "Huku mvula inanyesha sana, patron. Hakuna mutu anaweza kutoka."

Bwana Libère aliinamisha paji la uso mpaka likagusa redio.

"Iache inyeshe," alisema. "Iache inyeshe, Sylvère. Iache tu inyeshe."